Nani Mdakaji Bora wa Besiboli? Bench Kwanza, Halafu Tubishane

Hapa kusini mwa Ohio, ukitaka mzee wa miaka 70 aweke kikombe chake cha kahawa mezani, mtajie mdakaji yeyote wa besiboli kisha useme huyo alimzidi Johnny Bench. Hatakujibu papo hapo. Atakutazama kwanza, kama anayejiuliza umetoka wapi na nani alikulea, halafu ataanza kutaja miaka: 1970, 1972, 1975, 1976. Anaitaja hivyo hivyo, bila maelezo. Kila mtu anatakiwa awe anajua kilichotokea.

Mimi nilitoka Tanga nikiwa na soka tu kichwani, na shuleni nilikuwa golikipa, wa benchi zaidi kuliko wa kuanza. Nilipoanza kuiona besiboli kwenye televisheni ya chumba cha mapumziko kazini, jicho langu lilimwendea mtu mmoja: yule aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa barakoa ya chuma, ngao ya kifua na vikinga ugoko. Wenzake wote wanane wanatazama upande mmoja, yeye peke yake anawatazama wao. Golikipa anaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Wewe ndiye unayeuona uwanja mzima, wewe ndiye unayepiga kelele za kupanga watu, na ukikosea mara moja ndipo mashabiki wanakumbuka kwamba upo.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, kazi yenyewe ni hii. Mrushaji anavurumisha mpira kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 150 kwa saa. Mpigaji akiukosa au akiuacha upite, mdakaji anaudaka. Kabla ya kila mpira yeye ndiye anayependekeza urushwe wa aina gani na uelekezwe wapi. Zamani kwa vidole alivyovificha katikati ya mapaja, siku hizi kwa vitufe vya kifaa cha kielektroniki. Mkimbiaji aliye besi ya kwanza akichomoka kwenda kuiba besi ya pili, mdakaji ana sekunde mbili hivi za kuudaka mpira, kuinuka na kuufikisha umbali wa karibu mita 39. Mpira ukidunda mchangani, anauzuia kwa kifua, kwa mapaja, kwa chochote. Anachuchumaa na kuinuka zaidi ya mara 100 kwa mechi, katika msimu wa mechi 162. Baada ya hapo anachukua gongo akapige kama wengine.

Sasa mpime mtu huyo.

Kupiga kunahesabika vizuri. Homurani, yaani pigo linaloupeleka mpira nje ya uzio, zimekuwa zikiandikwa tangu karne ya 19. Lakini mkimbiaji aliyeuangalia mkono wa mdakaji akaamua kubaki alipo haandikwi popote. Wala haandikwi mrushaji kijana aliyekuwa anatetemeka, mdakaji akamfuata pale kwenye kilima chake cha kurushia, akamwambia maneno mawili, akatulia. Sehemu kubwa ya kazi hii ni mambo ambayo hayakutokea. Ndiyo maana orodha za wadakaji bora huwa zinanichosha: nyingi ni orodha za wapigaji waliokuwa pia wanadaka.

Kuna tatizo lingine ambalo naliona kubwa zaidi. Kazi imebadilika. Kilichotakiwa kwa mdakaji wa 1935 sicho kilichotakiwa 1975, na cha 1975 sicho cha 2015. Mtu anayewapanga wote hawa kwenye mstari mmoja kwa kipimo kimoja analinganisha watu walioajiriwa kwa kazi tofauti zenye jina moja. Mimi nauliza hivi: zama zake zilimdai nini, naye alilipa kiasi gani?

Kwa swali hilo, Bench anakuwa wa kwanza, na wala si kwa sababu naishi karibu na Cincinnati.

Alizaliwa 1947 Oklahoma, akakulia kamji kadogo kanakoitwa Binger. Alianza kuichezea Cincinnati Reds mwaka 1967 na hakuvaa jezi ya timu nyingine hadi alipostaafu 1983. Mwaka 1968 alikuwa Mchezaji Bora Chipukizi wa National League, moja ya ligi mbili, pamoja na American League, zinazounda ligi kuu. Mwaka 1970, akiwa na miaka 22, alipiga homurani 45, akaingiza pointi 148, akapewa tuzo ya Mchezaji Bora wa ligi. Mwaka 1972 akaichukua tena. Tuzo ya Gold Glove, ile ya ulinzi, aliibeba miaka 10 mfululizo, 1968 hadi 1977. Kisha ubingwa wa World Series, yaani fainali ya ligi kuu, mara mbili, 1975 na 1976, katika timu ambayo wazee wa huku bado wanaamini haijapata kufananishwa. Hiyo ndiyo ile miaka minne ya kwenye kahawa.

Katika fainali ya 1976 dhidi ya New York Yankees, mdakaji wa upande wa pili, Thurman Munson, alipiga kwa wastani wa .529. Yaani zaidi ya nusu ya mapigo yake yalimfikisha kwenye besi, wakati mpigaji mzuri wa kawaida huridhika na .300. Bench akapiga .533. Baada ya mechi ya mwisho waandishi walimuuliza kocha wa Reds, Sparky Anderson, awalinganishe hao wawili. Akasema Munson ni mchezaji hodari, ila msimwaibishe mtu yeyote kwa kumlinganisha na Johnny Bench. Munson naye hakupendezwa, na ana haki. Lakini Anderson alikuwa anasema alichokiona kila siku.

Alichokiona ni mikono. Bench anaweza kushika mipira saba ya besiboli kwa kiganja kimoja. Kabla yake wadakaji wengi walidaka kwa mikono miwili, ule wa kurushia ukiwa wazi kando ya glovu, na mpira uliochubuliwa kidogo na gongo ulikuwa ukiwavunja vidole. Ukitazama picha za mikono ya wadakaji wa zamani unaona vidole vilivyopinda kila upande. Randy Hundley wa Chicago Cubs alitangulia kutumia glovu inayokunjika na kudaka kwa mkono mmoja, huku ule mwingine akiuficha. Bench ndiye aliyeufanya mtindo huo uonekane kuwa njia pekee ya akili. Watoto wa Marekani nzima wakamwiga, na hadi leo hivyo ndivyo wanavyodaka.

Kuna kisa anachopenda kukisimulia mwenyewe. Alikuwa bado kijana, anamdakia Gerry Arrigo, mrushaji aliyemzidi umri, ambaye mpira wake wa kasi siku hiyo haukuwa na kasi. Bench akawa anaomba mpira wa kupinda, Arrigo anakataa, anataka wa kasi. Hatimaye Arrigo akaurusha huo wa kasi. Bench akaunyooshea mkono mtupu wa kulia, usio na glovu, akaudaka. Wakubwa wa timu kwenye benchi walicheka hadi basi. Mimi kinachonivutia hapo ni kwamba kijana wa miaka 20 na kidogo alikuwa tayari anaona ni wajibu wake kumwambia mkubwa wake ukweli mbele ya uwanja mzima. Ukiwa mdakaji usiye na tabia hiyo, timu inakutumia kama ukuta tu.

Zama zake zilidai nini? Mkono. Miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya wizi wa besi. Viwanja vipya, pamoja na Riverfront wa Reds uliofunguliwa 1970, viliwekwa nyasi bandia, mpira na wachezaji vikawa vinateleza mbio, na makocha wakajaza timu watu wenye miguu. Lou Brock wa St. Louis aliiba besi 118 katika msimu mmoja, 1974. Katika ligi ya namna hiyo kuwa na Bench nyuma ya mpigaji kulikuwa sawa na kumwondolea mpinzani nusu ya mpango wake, na bado ndiye aliyekuwa akipiga mpira mbali kuliko karibu wote.

Gharama yake ilionekana mapema. Kufika 1981 mwili ulikuwa umegoma, akahamishiwa besi ya kwanza na ya tatu, na mwisho akaacha akiwa na miaka 35, homurani 389, mechi 1,742 za kudaka. Septemba 17, 1983, usiku ambao Cincinnati ilimwandalia sherehe ya kumuaga, alirudi kuchuchumaa mahali pake pa zamani na akapiga homurani. Mambo mengine ukiyaweka kwenye tamthilia watu watasema umezidisha.

Wachambuzi wana kipimo kiitwacho WAR, kinachokadiria mchezaji aliiletea timu ushindi mingapi zaidi ya ule ambao ungeletwa na mtu wa kuokoteza. Bench ana takriban 75, na hakuna mdakaji aliyemfikia. Kwa wasio wadakaji, Babe Ruth ana zaidi ya 180. Willie Mays zaidi ya 150. Mdakaji bora katika historia hafikii nusu ya Ruth! Huo si upungufu wa wadakaji. Magoti hayawapi miaka 20, wanapumzishwa mechi nyingi kila msimu, na kipimo chenyewe, kwa jinsi kinavyohesabiwa na wengi, hakijui kuyaona mambo niliyoyataja pale juu.

Kazini ubishi wetu hauishii kwa Bench. Kuna mtu wa New York anayemshikilia Yogi Berra kama urithi wa familia, na kuna Mpuertoriko mmoja ambaye kwake swali lilifungwa zamani: ni mtu wa Puerto Rico, kilichobaki ni kuchagua yupi.

Berra kwanza. Marekani imemgeuza kuwa mzee wa misemo ya kuchekesha, na nadhani hilo limemharibia. Watu wanakumbuka maneno yake na kusahau kwamba alichukua ubingwa wa World Series mara 10 akiwa mchezaji, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia. Alikuwa Mchezaji Bora wa American League mara tatu: 1951, 1954 na 1955. Kabla ya yote hayo, Juni 1944, akiwa na miaka 19, alikuwa kwenye boti ndogo ya roketi ya jeshi la majini katika uvamizi wa Normandy. Na takwimu ninayoipenda kuliko zote ni hii: msimu wa 1950 Berra alipiga homurani 28, na mwaka mzima walimtoa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu mizuri aliyoikosa au kuiacha ipite, mara 12 tu. Wapigaji wa nguvu wa leo wanaweza kutolewa hivyo mara 12 ndani ya wiki moja mbaya. Alikuwa anapiga mipira mibovu, ya kichwani na ya miguuni, na bado anaifikisha anakotaka.

Alipoanza kudaka alikuwa ovyo. Yankees wakamleta Bill Dickey, mdakaji wao mkuu wa miaka ya 1930, amfundishe. Oktoba 8, 1956, katika World Series, Berra ndiye aliyeongoza mechi kamilifu ya Don Larsen, wapinzani 27 wakaingia na 27 wakatoka bila hata mmoja kufika besi. Larsen baadaye alisema hakukataa ishara ya Berra hata moja. Picha ya Berra akimrukia Larsen na kumkumbatia kwa mikono na miguu iko kila mahali. Mimi nafikiria zaidi maamuzi 97 ya mpira gani urushwe, moja baada ya jingine.

Miaka hiyo hiyo, mtaa wa pili kama wanavyosema watu wa New York, Brooklyn Dodgers walikuwa na Roy Campanella. Naye Mchezaji Bora wa ligi mara tatu: 1951, 1953, 1955. Hebu fikiria, jiji moja, miaka mitano, tuzo sita kwa wadakaji wawili. Campanella alianza kulipwa katika ligi za Weusi, za wachezaji waliozuiwa kuingia ligi kuu kwa sababu ya rangi yao, akiwa bado mvulana wa shule, akafundwa na Biz Mackey, mdakaji ambaye Cooperstown, kwenye Jumba la Magwiji wa besiboli, ilimkumbuka mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baada ya kufariki. Rekodi zinaonyesha Campanella aliwanasa asilimia 57 ya wezi wa besi waliomjaribu, na hakuna mdakaji wa muda mrefu katika ligi kuu mwenye asilimia ya juu zaidi ya hiyo. Januari 28, 1958, gari lake liliteleza kwenye barafu na kupinduka. Hakutembea tena. Alikuwa na miaka 36, na alikuwa ameruhusiwa kucheza ligi kuu kwa misimu 10 tu, kwa sababu mlango ulifunguliwa akiwa tayari mtu mzima. Mei 1959 watu 93,103 walijaa uwanja wa Los Angeles katika mechi ya kumuenzi.

Nikiwaweka hao wawili kwenye kilele chao, namchukua Campanella. Nikiweka kazi nzima mezani, Berra. Mtu wa New York ameshanikasirikia kwa sentensi ya kwanza bila kuisikiliza ya pili.

Na hapo kwenye mlango uliofunguliwa kwa kuchelewa ndipo lazima tusimame kwa Josh Gibson.

Gibson alizaliwa Georgia, Desemba 1911, baba yake akahamia Pittsburgh kutafuta kazi ya viwanda vya chuma. Kijana akawa mkubwa wa mwili, mkimya wa gongo: hana mbwembwe, hapigi hatua ndefu, mpira unaondoka tu. Mwaka 1930, mwaka ule ule alioanza kuitumikia Homestead Grays, timu ya Weusi, mkewe Helen alifariki akijifungua mapacha. Gibson alikuwa na miaka 18. Alicheza Grays na Pittsburgh Crawfords, akaenda Mexico, akacheza visiwa vya Karibiani msimu wa baridi. Walter Johnson, mmoja wa warushaji wakubwa kupata kutokea, alimtazama akasema huyu angestahili dola 200,000, kwamba Dickey hamfikii kwa kudaka, na kwamba ni bahati mbaya tu ni mtu mweusi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa ambayo Mzungu mwenye nia njema angeweza kuitoa enzi zile, na kila nikiisoma namalizia nikiwa na hasira.

Mei 2024 ligi kuu iliingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 katika kumbukumbu zake. Asubuhi ile Gibson akawa na wastani wa juu kuliko mtu yeyote katika historia, .372, akimshusha Ty Cobb aliyekuwa na .367. Mwaka 1943 pekee alipiga .466. Katika mwaka huo huo ndipo alipogundulika kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Kwa maelezo ya waliokuwa karibu naye, alikataa kufanyiwa upasuaji. Alifariki Januari 20, 1947, akiwa na miaka 35. Aprili 15 ya mwaka huo Jackie Robinson aliingia uwanjani na Dodgers, akaufungua ule mlango wa ligi kuu kwa wachezaji Weusi. Kaburi la Gibson huko Pittsburgh lilikaa bila jiwe la jina hadi 1975, miaka mitatu baada ya kuingizwa katika Jumba la Magwiji.

Wanaompunguzia wanasema misimu ile ilikuwa mifupi, mechi 60 au 80 za ligi, hivyo wastani unaweza kupaa. Ni kweli kihesabu. Lakini timu zile zilicheza mechi nyingine chungu nzima ambazo hazimo kwenye hesabu, kwenye vijiji, kwenye viwanja vya kukodi, mbili kwa siku moja, wanalala ndani ya basi kwa sababu hoteli hazikuwapokea. Gibson alichuchumaa katika zote. Kama mpigaji, hakuna mdakaji wa kuwekwa karibu naye, hilo silibishanii. Kama mdakaji kamili namweka wa pili nyuma ya Bench, na sababu ni kwamba Bench alipewa mechi 162 kwa mwaka mbele ya waandishi na kamera za televisheni, Gibson hakupewa. Nafasi hiyo ya pili inatokana na walichoandika watu kuliko alichofanya yeye.

Turudi kwa Mpuertoriko wetu. Mtu wake wa kwanza ni Iván Rodríguez, na hapa namuunga mkono karibu njia nzima. Alifika ligi kuu 1991 akiwa na miaka 19, akadaka mechi 2,427, rekodi ya wote. Gold Glove 13. Aliwanasa asilimia 46 ya waliojaribu kuiba dhidi yake katika zama ambazo wastani wa ligi ulikuwa kama theluthi moja. Alikuwa akimrushia mpira hata mkimbiaji aliyezubaa besi ya kwanza, akiwa bado amechuchumaa. Mwaka 1999 alikuwa Mchezaji Bora wa American League. Na Oktoba 2003, akiichezea Florida Marlins, mechi ya mwisho ya mtoano dhidi ya San Francisco iliishia mikononi mwake: J.T. Snow anakuja mbio kutoka besi ya pili, mpira unafika, wanagongana, Rodríguez anagaagaa chini, anainua mkono, mpira umo. Mwezi huo Marlins wakawa mabingwa.

Rafiki yangu akimsifu Rodríguez humtumia Mike Piazza kama mfano wa kinyume, na hapo ndipo tunapoachana. Piazza alichaguliwa 1988 katika raundi ya 62 ya zamu za timu kuchagua vijana wapya, mtu wa 1,390, kama fadhila kwa sababu Tommy Lasorda, kocha wa Dodgers waliomchukua, alikuwa rafiki wa baba yake. Akaja kuwa mdakaji aliyepiga homurani nyingi kuliko yeyote akiwa kwenye nafasi hiyo, 396 kati ya 427 zake, kwa wastani wa .308. Mkono wake ulikuwa wa kuhurumia: asilimia 23 tu ya wezi. Kila mtu aliona. Alisubiri hadi kura ya nne, 2016, kuingia Cooperstown, na sehemu ya kuchelewa huko ilikuwa minong'ono isiyo na ushahidi kuhusu dawa za kuongeza nguvu.

Kisichoonekana ni kwamba makadirio ya wachambuzi, wakichambua rekodi za mipira ya miaka ile, yanampa Piazza alama nzuri kwa namna alivyoupokea mpira. Zama zake hazikuwa za wizi kama za Bench; ilikuwa miaka ya homurani, na besi moja iliyoibiwa haikuuma sana wakati mpigaji anayefuata anaweza kuwaingiza wote kwa pigo moja. Tulimhukumu Piazza kwa mtihani wa 1975. Kwa mtihani wa 1998 alifaulu.

Kuupokea mpira ndiko kulikogeuza kila kitu. Mpira unaopita ukingoni mwa eneo la straiki, nusu ndani nusu nje, unaitwa na mwamuzi kwa jicho. Mdakaji akiudaka kwa mkono mtulivu na kuuvuta kidogo tu ndani, mwamuzi anasema straiki. Wachezaji walilijua hilo miaka yote. Kilichokosekana ni namna ya kulihesabu, hadi kamera za kufuatilia mpira zilipofungwa viwanja vyote kufikia 2008. Mwaka 2011 mchambuzi Mike Fast alichapisha hesabu zake, na tofauti kati ya wadakaji wazuri na wabaya ilikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya wasomaji wadhani kuna kosa. José Molina, mpigaji dhaifu, mwenda pole, aliyekuwa mdakaji wa akiba karibu maisha yake yote, alikuwa miongoni mwa bora kabisa. Tampa Bay Rays walimsajili mwishoni mwa mwaka huo huo.

Hesabu hizo zinawapandisha sana Russell Martin na Brian McCann, hadi kwenye majirani wa magwiji. Wote wawili waliingia kwenye kura ya Cooperstown ya 2025 na wote wawili wakaondolewa mara ya kwanza kwa kukosa hata asilimia 5. Wapiga kura hawakusema neno. Mimi singewapa kura ya ndiyo, lakini kuwafuta kabla ya mjadala kuanza ni uvivu.

Gary Carter na Carlton Fisk nawapita haraka, si kwa dharau. Carter ana WAR ya takriban 70, ya pili kwa wadakaji, na mwaka 1986 ndiye aliyeanzisha ufufuo wa timu yake, New York Mets, wakati walikuwa wamebakiza mtu mmoja wapoteze fainali. Angezaliwa wakati mwingine, asiwe kivulini mwa Bench, tungemwimba zaidi. Fisk alidaka mechi 2,226, na homurani yake ya awamu ya 12 mwaka 1975, ile ya kuupungia mpira mikono ubaki ndani ya mstari, waliipata hao hao Reds wa Bench, ambao kesho yake wakashinda mechi ya saba na ubingwa.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna mtu wa kumtazama nyuma ya mpigaji: Dennis Kasumba wa Uganda, aliyejulikana duniani kwa video za mazoezi yake ya kudaka akitumia matairi chakavu na vifaa vya kujitengenezea. Mwaka 2023 alipata nafasi ya kuichezea Frederick Keys huko Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Hakusajiliwa. Lakini niliziona zile video za kuzuia mpira wa kudunda, na kiuno chake kinashuka kama inavyotakiwa.

Wanaofuata Cooperstown ni Buster Posey, kura ya 2027, na Yadier Molina, naye wa Puerto Rico, kura ya 2028. Posey ana ubingwa mara tatu na San Francisco, wastani wa .302, na mguu uliovunjwa Mei 2011 mkimbiaji alipomparamia kwenye besi ya nyumbani, pale anapokaa mdakaji, ajali iliyochangia kubadilishwa kwa sheria mwaka 2014 ili kugongana huko kupigwe marufuku. Molina ana Gold Glove 9, ubingwa mara mbili, mechi 2,184 za kudaka kwa timu moja ya St. Louis, ambazo ni rekodi, na gongo la kawaida. Kwa kipimo cha orodha nyingi Posey yuko juu yake. Kwa kipimo changu wanakaribiana mno, kwa sababu Molina alidumu na alikuwa akipanga mechi kichwani kuliko mtu yeyote niliyemwona kwa macho yangu. Rafiki yangu anasema "kukaribiana" ni neno la mwoga.

Wakati huo huo kazi inageuka tena. Mwaka 2025 Cal Raleigh wa Seattle alipiga homurani 60, wakati rekodi ya mdakaji ilikuwa 48 za Salvador Perez mwaka 2021. Na kuanzia msimu wa 2026 uamuzi wa straiki unaweza kukatiwa rufaa kwa kamera: kila timu inaanza mechi na rufaa mbili, na wanaoruhusiwa kuiomba ni mpigaji, mrushaji au mdakaji tu, kwa kugusa kofia papo hapo, bila msaada wa benchi. Ule ujanja wa kuuvuta mpira ndani utapungua thamani kwenye mipira yenye uzito. Kitakachopanda ni jicho la mtu anayejua, ndani ya sekunde mbili, kwamba mwamuzi kakosea kwa upana wa ukucha, na kwamba hii ndiyo rufaa ya kuitumia, si ile ya awamu ya pili. Molina angekuwa hatari kwenye mchezo huo, na hilo nimemkubalia rafiki yangu bila masharti. Sasa anataka nikubali angemshinda na Bench.